Bibi Harusi wa Kiti cha Tano

Aibu yangu inajulikana kutoka Louisville mpaka Buffalo, na Columbus ndiko inakochekwa zaidi, kwa hiyo sina cha kuficha. Afadhali muisikie kwangu mwenyewe kuliko kwa wale wenye video, kwa sababu video yao inaanzia pale ninapofunuliwa kitenge usoni, na mtu akianza kuangalia kutoka pale atadhani mimi ni mtu wa ajabu. Mimi si mtu wa ajabu. Mimi nilikuwa mtu aliyebanwa na mkojo.

Mwenye harusi alikuwa Elisha. Elisha na mimi tumekua pamoja kwenye kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, nyumba yao na yetu zikitenganishwa na kamba moja ya kuanikia nguo, na mama yake alipofariki akalelewa na shangazi yake, Tantine Jeanne, na mimi nikajilelesha hapo hapo nusu ya siku kwa sababu uji wa kwao ulikuwa mzito kuliko wa kwetu. Tulipopata bahati ya kuja Amerika hakuna aliyetuuliza nani anapenda kukaa karibu na nani. Yeye na tantine walipelekwa Columbus, mimi na mama yangu tukashushwa Louisville, na tangu hapo urafiki wetu umekuwa wa barabara kuu, leo mimi kwake, mwezi ujao yeye kwangu.

Basi Elisha akapenda. Msichana anaitwa Sifa, wa kwetu kabisa, ila anakaa Buffalo na anafanya kazi ya kutunza wazee. Walikutana kwenye ubatizo wa mtoto wa watu, Sifa akarudi kwao, na mapenzi yakahamia kwenye simu. Miaka miwili ya simu, ndugu zangu! Elisha yuko kiwandani anafunga nyama, simu sikioni; yuko kwenye mashine za kufulia anasubiri nguo zikauke, simu sikioni; mimi nimeendesha saa tatu na nusu kuja kumwona, ananisalimia kwa nyusi kwa sababu mdomo una kazi. Kuonana kwa macho walionana mara chache tu, kwa sababu likizo yake na likizo ya Sifa hazikuwahi kupatana.

Tantine hakupenda. Si kwamba alimchukia Sifa, hapana, alikuwa anaogopa. "Ule mutoto unamujuaka?" alimwambia Elisha mbele yangu. "Weye unajuaka simu. Utaoa simu?"

Sasa, kwa watu wetu wa Buffalo kuna desturi siku ya posa ya kufunika wasichana. (Zamani kwa wazee wetu haikuwepo, wengine wanasema tumeiokota kwa Wakenya, wengine wanasema kwenye video, ila posa yao siku hizi bila hiyo haijanoga.) Wanaleta wasichana watano wamevaa sare, wamefunikwa vitenge kuanzia kichwani mpaka magotini, mmoja wao ndiye bibi harusi, na upande wa bwana harusi unatakiwa kumtambua bila kugusa na bila kusema naye. Kwa kawaida ni mchezo, ukikosa mnacheka, mnachagua tena. Lakini Tantine Jeanne aliposikia habari hiyo alikaa wima kwenye kochi lake pale Whitehall, mtaa wao wa Columbus, kama mtu aliyeletewa alichokuwa anakitafuta.

"Bon," akasema. "Ile ndio mutihani. Elisha akikosa, tunarudi Columbus leo leo, na mi siweke mukono."

Kuweka mkono ni baraka. Mama wa kijana anaweka mkono juu ya kichwa cha msichana, anaomba, na hapo msichana amekuwa wa nyumbani. Elisha hana mama mwingine. Usiku huo hakula, akaniambia kwamba bila mkono wa tantine hawezi kuoa, hata kama moyo wake utabaki Buffalo, kwa sababu yule mama alimbeba mgongoni wakivuka ziwa kukimbia vita na hawezi kumpita. Mimi nikampiga bega. "Tulia, kaka," nikamwambia. "Mimi nipo." Nimejiuliza mara nyingi niliisema kwa nguvu gani ile.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, kiangazi cha 2016, kwa gari la kanisa la viti vingi, mimi nikiwa dereva kwa sababu ndiye niliyekuwa nimezoea barabara. Mlituona? Mashati ya kitenge yamepigwa pasi, viatu vinawaka, na mimi masharubu yangu yalikuwa yametengenezwa jana yake na kinyozi Msomali pale Whitehall, mstari mwembamba, mtu angeweza kupimia rula. Tantine alikaa mbele karibu yangu, nyuma watu wanaimba, mazulia ya mahindi ya Ohio yanapita dirishani, na mimi nilikuwa najisikia kama nampeleka mfalme.

Tulisimama kuweka mafuta baada ya Cleveland. Nikaingia dukani nikakuta soda za kujichotea, na tangazo linasema vikombe vyote, kidogo kikubwa, bei ni moja. Sasa niambieni nyinyi. Mtu aliyepanga foleni ya maji miaka yake yote ya utoto, umwambie bei ni moja, atachukua kikombe kidogo? Nilichukua kile kikubwa kabisa, kile ambacho hakiingii kwenye tundu la kuwekea kikombe garini, unakishika katikati ya mapaja. Nikakinywa chote. Huo ndio uamuzi wenyewe, ndugu zangu, na yote yaliyofuata ni maji yanayotafuta njia.

Tulipofika Erie nilianza kuhisi. Nikasema kwa upole kwamba labda tupumzike kidogo. "Tunachelewa," tantine akasema. Baada ya nusu saa nikasema tena. "Bya, weye ni mwanaume ama?" Bya ndiyo mimi, Byamungu, kwa kifupi. Nikakanyaga mafuta.

Nyumba ya baba mdogo wa Sifa iko Cheektowaga, ubavuni mwa Buffalo, karibu na uwanja wa ndege, na ndege zinapita juu ya paa mpaka unainama. Tukajipanga nje, kwenye njia ya gari, kwa sababu desturi inasema upande wa mume hauingii mpaka uitwe. Msemaji wetu alikuwa pasta wa Whitehall, mtu mzuri sana, ila ukimpa neno hakurudishii. Msemaji wao akatoka mlangoni akijifanya hajui sisi ni watu gani.

"Nyinyi ni bantu gani? Mumepotea njia?"

Pasta akakohoa, akavuta pumzi, akaanza tangu kuumbwa kwa Adamu. Jirani, mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa anakata majani, alizima mashine yake, akaleta kiti akakaa kutuangalia. Pasta alipofika kwa Nuhu na yale maji mengi, mimi nikaona basi. Nikarudi nyuma hatua moja, nikapiga ya pili, nikazunguka nyumba kama mtu anayepokea simu, nikakuta mlango wa jikoni uko wazi.

Jikoni kulikuwa na sufuria tatu kubwa za sombe, yaani kisamvu chetu, na wali na nyama, wasichana wanne wameshafunikwa wamesimama kwenye mstari, na mama mmoja mnene mwenye mwiko mkononi, ambaye baadaye nilikuja kujua ni Mama Riziki, mama mdogo wa Sifa. Aliona shati langu la kitenge akajua mara moja mimi ni wa upande gani.

"Shikamoo mama, naomba choo tu," nikasema.

"Choo?" Akanisogelea na mwiko. "Bantu benu beko inje banaomba ruhusa, na weye umeshaingia mpaka mu jikoni? Donc mulikuja kuiba bibi harusi!"

"Mama, ni choo tu, nakuomba."

"Choo iko kule, ngambo ya salon. Na salon imejaa wazee. Utapita mbele yabo namna gani? Niite tantine yenu akuone?"

Nikamshika mkono nikamwomba asimwite, kwa jina la Yesu. Sijui niliona aibu zaidi ya mkojo au ya tantine. Mama Riziki akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni (safari hiyo haichukui muda, Mungu alipokuwa ananipima urefu alikuwa na haraka), halafu uso wake ukabadilika, na leo nikiukumbuka uso ule najua nilitakiwa kukimbia.

"Bon. Mutoto wetu moja bamemukatalia kutoka ku kazi," akasema. "Tuko na viti tano, tuko na bantu bane. Weye uko mufupi muzuri. Nakufunika, unapita na banadada, ukifika kule unaingia choo, hakuna mutu atakuona."

Na mimi nikakubali! Ilionekana akili. Nilifungwa kitenge kiunoni, nikavuliwa viatu, nikatupiwa kingine kichwani, nikawa wa mwisho kwenye mstari, tukaingia sebuleni kwa vigelegele, hatua ndogo ndogo, na kupitia kitambaa niliona kivuli cha mlango ambao nilijua ndio wenyewe, choo, hatua chache tu mbele yangu. Wasichana wakakaa kwenye viti. Mimi nikaendelea. Mkono mnene ukanishika bega ukanirudisha.

"Ikala kwanza," Mama Riziki akaninong'oneza. "Dakika mbili tu."

Nikakaa. Na dakika hiyo hiyo, upande wa mume wakakaribishwa ndani. Nilisikia viatu vyao, nikasikia marashi ya tantine, nikasikia sauti ya rafiki yangu inayotetemeka. "Bya iko wapi?"

"Alienda kutafuta choo," mtu akamjibu.

"Mpaka saa hii?"

Jamani. Nilikuwa naweza kunyoosha mguu nikamgusa. Lakini nifanye nini? Nikisema neno moja, tantine atajua kwamba mtu wa upande wake ameingia kwa mlango wa jikoni na kukalishwa katikati ya mabinti za watu, na posa itaharibika kwa ajili yangu. Nikisubiri, kiti kinaweza kuharibika kwa ajili yangu. Nikachagua kusubiri, nikabana magoti, nikaanza kuhesabu ndege zinazopita.

Elisha akaanza kupita. Alisimama kwa wa kwanza, akaenda kwa wa pili, akarudi, akasimama kwa wa tatu muda mrefu. Niliona kivuli cha mikono yake, alikuwa anaipangusa kwenye suruali. Wasichana wale walikuwa wamekaa kama magunia ya mchele, hakuna hata pumzi iliyosikika, na sebule yote ilikuwa kimya, na katika kimya hicho mtu mmoja tu alikuwa anacheza magoti, anahema, anajikunja na kujikunjua, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Muangalie ule wa mwisho," Tantine Jeanne akasema.

Moyo wangu ulisimama, ila magoti yaliendelea.

"Muangalie vile anatetemeka. Ile ni haya! Mutoto amelelewa. Mi nimeolesha bantu wengi, ile kitu naijua. Elisha, muke wako ni huyu."

"Tantine, ngoja kidogo," Elisha akasema. "Sijui... ngoja."

"Ningoje nini? Nilisema huyu!"

Na kabla hajamaliza alikuwa mbele yangu, mkono wake juu ya kichwa changu, anaomba. Mkono, ndugu zangu! Mkono ule ule ambao Elisha alikosa usingizi kwa ajili yake, uko kwangu! Nilitikisa kichwa kukataa, tantine akauzidisha uzito, kwa sababu kwake ilikuwa dalili kwamba roho inamshukia binti. Aliniombea nyumba yenye amani. Aliniombea maziwa mengi. Halafu akashuka na sala yake mpaka tumboni, akapaza sauti, "Baba, fungua! Fungua tumbo lake, Baba, fungua leo!" na watu wote wakasema amina, na mimi peke yangu chini ya kitenge naomba kwa nguvu zangu zote, Baba funga, funga, nakusihi usimsikilize huyu mama.

Amina ya mwisho, akanifunua.

(Hapa ndipo video inapoanzia.)

Tantine alitazama masharubu yangu. Nilitazama macho ya tantine. Ndege ikapita. Nilijaribu kutabasamu, kwa heshima, na nadhani hilo ndilo lililoharibu zaidi.

"Yesu!" akapiga ukelele uliomleta jirani wa majani mpaka dirishani. "Bibi harusi iko na ndevu!"

Nikaruka. Kitenge cha kiunoni kikabaki kwenye kiti, shukuru Mungu chini nilikuwa na suruali, nikapiga mbio kwenye ule mlango niliokuwa nauangalia tangu mwanzo, nikaingia, nikafunga, na kumbe hakikuwa choo. Kilikuwa kabati la makoti. Makoti ya Buffalo, mnayajua, mazito kama magodoro, yamening'inia kushoto na kulia, na mimi katikati, giza, nimejikunja, nasikia sebule nzima ikipasuka kwa kicheko.

Lakini sikilizeni sasa, maana hapa ndipo aibu yangu ilipozaa.

Wale wasichana walikuwa wamekatazwa kusema na kusogea, na hata nilipokimbia walijikaza. Watatu walijikaza. Mmoja akashindwa. Nilimsikia nikiwa ndani ya makoti: kwanza kimya cha mtu anayejizuia, halafu pumzi tatu za haraka puani, halafu kile kicheko, kinachopanda, kinakatika, kinapanda tena kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mimi mwenyewe nilikijua! Nilikuwa nimekisikia Whitehall, nimekisikia Louisville, nimekisikia ndani ya gari langu kila Elisha alipoweka simu kwenye dashibodi.

Na kama mimi nilikijua, je, yeye?

Sebule ilikuwa bado inacheka. Baba mdogo wa Sifa alikuwa anasema, huku akifuta machozi, kwamba wageni wamechagua vizuri, wafunge mzigo wao waende nao Columbus. Ndipo nikasikia sauti ya Elisha, na haikuwa inatetemeka tena.

"Mi sijachagua," akasema. "Tantine ndiye alichagua. Mi nachagua sasa."

Nikafungua kabati kidogo, jicho moja. Elisha hakupita pita tena. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha pili, akapiga goti, akasema, "Sifa, umecheka. Ile kicheko naisikiaka kila siku, ata bakinifunga macho nitaijua."

Mama Riziki akamfunua, na alikuwa Sifa, analia na kucheka pamoja, kamasi na wanja vimechanganyika. Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani rubani alivisikia.

Halafu wote tulikumbuka, tukamwangalia tantine. Kiti cha tano kilichaguliwa na yeye, kwa mdomo wake, na alikuwa ameapa kwamba Elisha akikosa tunarudi. Angeweza kusema nafasi ilikuwa moja. Alikuwa bado amesimama pale pale, kitenge changu mkononi, anakitazama kama kitamjibu. Elisha alikuwa bado amepiga goti, anasubiri.

"Mi nilikuambia utaoa simu," tantine akasema polepole. "Na mi niko na macho, niko karibu, nimeomba juu ya kichwa ya Byamungu." Akatikisa kichwa. "Elisha hakukosa. Mi ndiye nimekosa."

Akaenda kwa Sifa, akamwekea mkono kichwani, akafumba macho. Tulijua sala za tantine, watu wakaanza kujiweka sawa kwenye viti. Lakini safari hii ilikuwa fupi. "Baba, yote niliomba kwa ule kijana, uitoe kule kwake, uilete huku kwa mutoto wangu. Amina."

Mutoto wangu! Elisha aliangua kilio mbele ya watu, mwanaume mzima, na mimi nilitoka kabatini na mikono juu kama mfungaji wa bao, nikapita katikati ya wazee wote bila haya, nikauliza kwa sauti choo kiko wapi, na wote pamoja wakanionyesha kidole. Ulikuwa mlango wa pili. (Makoti yalisalimika. Msiniulize tena.)

Tulikula sombe mpaka jioni, jirani wa majani naye akapewa sahani, na kesho yake tulipelekwa kuona maporomoko ya maji ya Niagara. Mimi nilisimama mbali kidogo, kuyasikia tu yale maji kulinitosha. Nilipofika nyumbani Beechmont, kule Louisville, mama yangu alikuwa ameshaiona video kabla sijazima gari. Alinifungulia mlango, akanitazama, akaniuliza mahari yangu imefika ngapi.

Harusi ilifungwa Columbus, majani yalipoanza kubadilika rangi, na mimi ndiye niliyesimama na Elisha, suti nyeusi, kiatu kinang'aa. Sifa aliingia na shela imefunika uso. Pasta alipomwambia Elisha sasa anaweza kumfunua mke wake, Tantine Jeanne aliinuka kiti cha mbele, akasema, "Ngoja kwanza," akapanda mpaka madhabahuni, akainua pembe ya shela kwa vidole viwili, akachungulia. Halafu akageuka akanitafuta mimi, akanikuta nimesimama mahali pangu, akanihesabu kichwa mpaka miguu.

"Bon," akasema. "Muendelee."

Kanisa lote lilianguka kwa kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Ila nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: posa ya mtu yeyote, hata iwe ya mdogo wangu, mimi nitabaki nje na pasta mpaka amalize manabii wote, na ndevu nimeziachia zimeota shavu hadi shavu, ili siku nyingine mama wa watu akinifunika kwa nguvu, nywele zitokeze zinitetee.